Fielder ya kilomita 243,000: ninunue au niache?

Swali: "Fundi, mimi ni mwalimu. Naishi Kakamega na nimehamishiwa shule iliyo Kisumu. Nimechoka kupigania matatu alfajiri, nataka gari. Nimepata Toyota Fielder mbili za mwaka 2011, zote injini ya 1500, zote otomatiki. Ya kwanza ni ya jamaa wa mtaa wa Migosi, Kisumu, anayesambaza dawa madukani. Imetembea kilomita 243,000 na anaitisha shilingi 830,000. Ya pili iko kwenye yadi mjini, shemeji yangu ndiye aliyenionyesha. Inasoma 91,000 na bei ni 960,000. Mume wangu anasema gari la 243,000 ni maiti isiyozikwa. Wewe ungenunua ipi?"

Mwalimu, ningeanza na ile ya Migosi. Sijasema uinunue, nimesema uanze nayo, na sababu yangu ni hesabu ambayo wanafunzi wako wanaiweza.

Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo gari la 2011 lilishuka Mombasa kabla mwaka wa 2018 haujaisha. Tuseme liliishi Japani miaka saba na hapa kwetu miaka saba. Wajapani wengi hawafikishi kilomita 10,000 kwa mwaka, wana treni. Wape 9,000 kwa mwaka, ni 63,000. Sasa toa hizo kwenye zile 91,000 za yadi. Zinabaki 28,000 kwa miaka saba ya Kenya, yaani 4,000 kwa mwaka, yaani kilomita kumi na moja kwa siku. Nani Kisumu ananunua gari la safari kama Fielder halafu analitembeza kilomita kumi na moja kwa siku? Hata mchungaji anayeishi uani mwa kanisa huzidi hapo.

Fanya hivyohivyo kwa ile ya Migosi. Zinabaki 180,000, kama 70 kwa siku. Mtu wa dawa anayekwenda Kericho, Ahero, Bondo na kurudi, hiyo ni kazi yake ya kawaida. Nambari yake kubwa inaeleweka. Ile ndogo ndiyo inayohitaji kujieleza.

Sisemi ya yadi ni ya uongo. Nina wateja wawili, wote wazee waliostaafu, ambao magari yao hutoka Jumapili na siku ya hospitali tu. Magari ya namna hiyo yapo. Lakini mwenye gari la namna hiyo huwa na cha kuonyesha, na pia gari lenyewe huonekana.

Kurudisha maileji nyuma siku hizi si kazi. Zamani mita ilikuwa ya magurudumu madogo yenye nambari, na aliyeichokoa mara nyingi aliacha alama, tarakimu zikakaa upande. Sasa nambari imehifadhiwa kwenye chipu. Mtu anakuja na laptopu na waya, na kabla chai yako haijapoa gari limekuwa kijana. Anachobadilisha ni nambari peke yake. Raba ya pedali ya breki habadilishi. Ukiona gari linasoma 91,000 na raba hiyo imelika upande wa kulia hadi ikawa laini kama sabuni, au imewekwa mpya kabisa kwenye gari la 2011, jiulize. Angalia usukani pale mikono inaposhika, kama ngozi imeng'aa. Angalia ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, maana pale ndipo kila anayeingia hujisugua. Ukikuta kifuniko cha kiti, kivue. Angalia swichi ya dirisha la dereva.

Halafu fungua mlango wa dereva, uinamie ule ukingo wa bati ambao mlango unafungia. Karakana za Japani hubandika hapo stika ndogo kila zinapomwaga oili ya zamani na kutia mpya, na nyingine huibandika chini ya boneti. Maandishi hutayasoma, lakini tarakimu ni zilezile zetu. Miaka yao huihesabu kwa enzi za wafalme: Heisei 29 ni 2017, Heisei 30 ni 2018. Kwa hivyo ukikuta stika ina 29 kisha 84,000, na leo dashibodi inasema 91,000, hakuna haja ya kuuliza tena: gari halikutembea kilomita 7,000 tu miaka hiyo yote, nambari imerudishwa nyuma.

Hili nalijua kwa kuumia. Kabla sijafungua gereji yangu mwenyewe nilinunua gari jioni, mvua ikinyesha, likiwa linasoma 72,000. Fundi mzima! Nilikuwa nimeshaipenda rangi yake. Miezi mitatu baadaye naliosha, nikaona kwenye ukingo wa mlango stika iliyobanduliwa ikakatika; kipande kilichobaki kilikuwa na tarakimu tatu, 118. Niliketi kwenye ndoo nikaitazama kwa muda mrefu. Kufikia hapo nilikuwa nimeshalipa gia boksi.

Ukitaka ushahidi mkubwa kuliko stika, muombe muuzaji nakala ya cheti cha Japani cha kuruhusu gari lisafirishwe nje. Kina maileji iliyoandikwa wakati wa ukaguzi kule. Wengine wana hata karatasi ya mnada. Aliyeagiza gari mwenyewe mara nyingi ana nakala kwenye simu. Jamaa wa Migosi muulize pia daftari au risiti za sevisi. Daftari lenye mafuta ya mikono, kalamu tofauti na miaka tofauti, mimi huliheshimu. Lile lililoandikwa lote kwa kalamu moja ya bluu siku moja, mwalimu, wewe umesahihisha vitabu vya kutosha kulijua.

Sasa, je, 243,000 ni maiti? Inategemea imekufa wapi. Nambari ya chasisi ya Fielder kama hiyo kwa kawaida huanza na NZE141, na injini yake ni 1NZ, ileile ya Probox na Axio nyingi, na baadhi ya Vitz. Haina belti ya taiming ya kubadilisha kila kilomita 100,000 kama zilivyo Subaru za zamani, ina cheni. Injini hii ikimwagiwa oili kwa wakati na isichemke hata mara moja, huvuka 300,000 bila kufunguliwa, na hapa magharibi zinazofanya hivyo ni nyingi. Kinachoiua ni mwenyewe kupitiliza oili hadi igeuke lami, au kupanda mlima radieta ikiwa haina maji.

Barabara pia ina neno lake. Kilomita 70 kwenye lami ya barabara ya Kericho, gari likienda mwendo mmoja, haziichoshi injini kama kilomita kumi za msongamano wa Kondele, Kisumu, saa kumi na moja jioni, washa, zima, gia, breki. Mzigo nao una neno lake: Probox iliyobeba abiria Luanda hadi Siaya, wamepandiana na wengine kwenye buti, siigusi hata ikiwa na 150,000. Bodi yake imechoka kuliko injini. Muulize jamaa alikuwa akibeba nini nyuma. Maboksi ya dawa ni mepesi. Kama naye alikuwa akigeuka teksi wikendi, springi za nyuma zitakwambia, gari litakuwa limekaa kitako.

Mimi kwa Fielder hii naogopa gia boksi kuliko injini. Otomatiki yake ni CVT. Haina gia za kuhesabu. Ina ukanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na kila kitu kinategemea oili yake maalumu. Oili hiyo si ATF, ile oili ya kawaida ya gia boksi otomatiki. Mafundi wengi wa njiani, na nasema hivi nikijua ni wenzangu, huona gia boksi otomatiki wakaimiminia ile nyekundu ya kawaida. Ukanda unaanza kuteleza, unachimba puli, na baada ya miezi kadhaa unatafuta gia boksi nyingine. Kwa hivyo swali langu la kwanza kwa jamaa lingekuwa: oili ya CVT ulibadilisha lini, na ulitia gani? Akitaja kilomita na aina, na ana risiti, nusu ya hofu yangu imekwisha. Akisema "hii haibadilishwi, ni ya maisha", basi maisha yake ndiyo hayo 243,000, na bei lazima ishuke sana au uondoke.

Sasa asubuhi ya kulikagua. Usikubali kuletewa gari Kakamega, wala kukutana nalo kwenye petroli stesheni. Panda matatu ya kwanza, uwe Migosi saa kumi na mbili na nusu, na mwambie jamaa usiku uliotangulia asiliwashe. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na vuguvugu, na yeye anasema alilipasha kidogo tu lisikusumbue, ameficha kitu au hajui unachotafuta. Kwa vyovyote vile rudi siku nyingine. Kama dashibodi ni ya aina isiyo na mshale wa joto, itakuwa na taa ndogo ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Asubuhi ni lazima iwake. Na isipozima hata baada ya kwenda kilomita kadhaa, kuna fundi aliyeng'oa thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, na hang'oi bila sababu: gari liliwahi kuchemka.

Kabla ya kuwasha fungua vifuniko viwili, kwa kuwa ni baridi hutaungua. Cha radieta: maji yawe na rangi ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), si ya kutu, na yasiwe na utando wa mafuta. Cha oili: kigeuze utazame chini yake. Ukikuta uji mweupe kama maziwa yaliyoganda, maji na oili vimekutana, na hapo mara nyingi gasketi ya hedi imekwenda. Funga, shukuru, rudi nyumbani. Chomoa na kijiti cha oili. Nyeusi si dhambi. Iliyo chini ya alama ndiyo yenye maswali. Injini ya umri huu ikila nusu lita kati ya sevisi na sevisi mimi nainunua. Ikila lita kwa kila kilomita elfu, hapana. Jihadhari pia na oili nzito sana. 1NZ imetengenezewa oili nyepesi, 5W-30. Mtu aliyetia 20W-50 wiki hii huenda anainyamazisha.

Geuza ufunguo nusu tu, usiwashe. Taa ya injini, ya oili, ya betri na ya eabegi zote ziwake. Taa ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu kuna mtu aliyeitoa. Kisha washa, na usiongee. Sekunde tatu za kwanza ndizo ninazolipwa kwazo. Mlio kama sarafu zinazotikiswa ndani ya mkebe, ukaisha, ni cheni iliyolegea au kikazio chake, dalili ya oili iliyopitilizwa. Moshi wa bluu unaotoka mara moja na kukatika ni sili za valvu, na hilo ni la kujadili bei. Moshi wa bluu unaotoka kila unapokanyaga, injini ikiwa imeshapata joto, ni ringi za pistoni, na hilo si la kujadili. Mtu ashike karatasi nyeupe nyuma ya bomba la moshi kwa dakika moja. Ikitoka na madoadoa ya mafuta umepata jibu. Injini ikiwa inanguruma taratibu fungua tena kifuniko cha oili. Pumzi kidogo ni kawaida. Ikipuliza kama birika linalochemka, ringi zimechoka.

Halafu lipeleke mlimani. Toka Migosi, pita Mamboleo, upande hadi Kiboswa ukiwa umewasha kiyoyozi. Huo ndio mlima utakaoupanda kila jioni ukirudi nyumbani. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari na Kakamega imepita 1,500, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaikuta hapo. Panda bila pupa, kisha kanyaga. CVT nzima inavuta kwa sauti moja. Inayokufa inatetemeka kama mtu mwenye malaria pale gari linapoanza kuondoka, au injini inapiga kelele na gari halisogei kwa kadiri ya kelele, au kuna mlio mwembamba unaokua pamoja na mwendo. Kiboswa geuka, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole: tak-tak-tak kwenye gurudumu la mbele ni kiungo cha ekseli. Ukishuka, breki zikitikisa usukani ni diski. Gonga-gonga kwenye matuta ni bushi na shoksi. Hayo ya mwisho yasikutishe, ni mambo ya kawaida ya kulipia, na barabara zetu zingeyamaliza hata kwa gari jipya. Ukisimama acha injini ikinguruma dakika kumi, kisha lisogeze uone kama limekojoa chini.

Likipita yote hayo, lilete kwa fundi, mimi au mwingine ambaye hajaletwa na muuzaji, tupime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote nne. Si nambari yenyewe inayonihusu sana kama kulingana kwake. Silinda tatu zikisoma karibu 190 na moja 140, hiyo moja ndiyo itakayokulaza barabarani Chavakali. Tutalipandisha pia tuangalie chini kama lina kutu au welding, na tuinue zulia. Baada ya mafuriko ya 2024 nimeona magari yenye viti safi na bolti za viti zilizoliwa na kutu, na mstari wa matope ndani ya mlango.

Ya yadi nayo ifanyie vipimo hivihivi, usiihukumu kwa hesabu yangu peke yake. Ikipita na ikaleta karatasi za kuthibitisha 91,000, 960,000 si bei mbaya. Ikipita bila karatasi, hiyo kichwani mwangu ni gari la kilomita 230,000 au zaidi linalouzwa kwa bei ya gari la kilomita 91,000, na unalipa shilingi 130,000 zaidi kwa ajili ya nambari. Kwa upande wa shemeji, usimwambie umesikia magari ya yadi yanachezewa; utamfanya mshtakiwa, na pengine naye kaambiwa tu. Mwambie, "Shemeji, nimelipenda, lakini siwezi kulipa kabla fundi wangu hajalipima, na gharama ni yangu." Yadi ikikataa gari litoke kwa saa moja, shemeji mwenyewe atakuwa ameona kwa macho.

Tofauti ile ya 130,000 ndiyo pesa ninayotaka uiweke kando ukichukua ya Migosi. Usiinunulie viti. Mwezi wa kwanza badilisha oili ya injini na filta yake (inabeba lita 3.7), oili ya CVT, kulanti, mafuta ya breki, plagi kama hazina historia, kisha shoksi na bushi zinazogonga. Utakuwa unakwenda na kurudi kama kilomita 100 kwa siku. Kwa mwaka wa shule ni karibu 20,000, bado mazishi na harambee. Hiyo ni sevisi nne kwa mwaka ukimwaga kila 5,000. Kabla hujatoa shilingi, hesabu pia hizo na petroli, halafu uone kama mshahara unakubali.

Karatasi ni fupi. Tafuta rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, ulinganishe jina na kitambulisho cha jamaa, na nambari za chasisi na injini na zile zilizogongwa kwenye gari. Wauzaji wengi walinunua kwa mkopo. Jina la benki au sako likiwa bado kwenye logbuku, ile hati ya umiliki, mkopo ulipwe kwanza na jina litoke. Yeye ndiye anayeanzisha uhamisho, wewe unaukubali kwenye akaunti yako, na pesa za mwisho zitoke mkiwa mmekaa pamoja mkiutazama.

Ukipanga siku nipigie usiku wa kuamkia, nitakukuta Migosi. Na uje na mume wako, yeye ndiye atakayeshika ile karatasi nyeupe nyuma ya bomba.